Saa ya Maji na Saa ya Ofisi: Kazi za Nje katika Delta ya Rufiji

Katika kumbukumbu zilizoachwa na watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza kuhusu bonde la chini la Mto Rufiji, lalamiko moja hujirudia kwa namna nyingi, nalo ni kwamba wenyeji wa huko hawakutaka kuajiriwa. Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa wa delta na Wamatumbi wa vilima vya kusini walihesabiwa kuwa watu wagumu kuandikishwa kazini, na wale waliokubali kuandikishwa walisemwa kuwa huondoka muda wao haujaisha. Lalamiko hilo liliandikwa na watu walioishi kwa mshahara, juu ya watu ambao katika miezi hiyohiyo walikuwa wakikata boriti ndani ya tope, wakikesha kulinda mpunga dhidi ya nguruwe mwitu, au wakivuta nyavu katika mito yenye mamba na viboko, kwa hiyo hoja ya uvivu haihitaji kujibiwa kwa kirefu. Kinachohitaji maelezo ni jambo lenye mkanganyiko zaidi: watu hao walichagua kazi nzito ya nje wakaiacha kazi nyepesi ya chini ya paa, lakini wakaikimbia pia kazi nyingine ya nje, yaani kilimo cha pamba cha kulazimishwa na upagazi wa vita. Jua na kivuli, basi, havikuwa na uzito mkubwa katika uchaguzi wao. Kilichopimwa ni nani mwenye amri juu ya siku ya mtu.

Katika delta, amri hiyo ilikuwa ya maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, hivi kwamba mvuvi anayetoka alfajiri leo hulazimika, baada ya wiki, kutoka katikati ya mchana. Juu ya mzunguko huo wa siku upo mzunguko wa mwezi: bamvua, yaani siku za maji makubwa zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huingiza maji mbali ndani ya mikono ya mto na kuyatoa kwa nguvu, na maji mafu, yaani siku za katikati ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, huacha mitego mingi bila kazi. Wando, ambao ni uzio wa fito unaowekwa mdomoni mwa kijito ili kuwazuia samaki maji yanapotoka, hutegemea bamvua. Jarife, wavu wa kutega unaosimama majini, huwekwa kwa kufuata mkondo. Na kaa wa koko hutafutwa maji yakiwa yametoka, mashimo yao yanapoonekana. Juu ya haya yote watu wa pwani walikuwa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, unaogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambao ulitumiwa kupanga upanzi, safari za jahazi na majira ya uvuvi. Mtu aliyelelewa katika hesabu hizi hakuwa mtu asiye na ratiba. Alikuwa na ratiba tatu zilizopishana, na hakuna hata moja iliyolingana na saa ya ukutani.

Kilimo nacho kilikuwa na utaratibu wake. Katika bonde lililo juu ya delta, kilimo muhimu cha kiangazi kiliitwa mlao, yaani upanzi unaofanywa katika udongo uliobaki na unyevu baada ya mafuriko ya Machi hadi Mei kupungua, ambapo mahindi, kunde na baadaye pamba vilistawi bila mvua nyingi. Katika delta yenyewe mpunga ulipandwa kwa ujuzi wa aina nyingine: wakati wa masika maji baridi ya mto huwa mengi, na bahari inapojaa huyasukuma maji hayo matamu yapande mashambani, kwa hiyo mkulima anamwagilia kwa nguvu ya bahari bila chumvi yake kuyafikia mazao. Mavuno hufika kiangazi kinapoanza. Shamba jipya lililofunguliwa ndani ya mikoko hutoa mpunga mwingi kwa miaka michache, kisha magugu na kaa wanaokata miche hulishinda, na mkulima husogea. Wakati wote huo familia huhamia shambani na kuishi katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambacho ni nyumba, ghala na mnara wa ulinzi kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kazi hii ilikuwa mikononi mwa wanawake, ambao hata hivyo hawatajwi katika lalamiko la watawala, kwa kuwa hakuna ofisi wala shamba la mkoloni lililokuwa likiwatafuta. Mchele wa Rufiji ulilisha masoko ya Unguja na Kilwa katika karne ya 19, na kutowajali wanawake hao kwa watunza kumbukumbu ni moja ya sababu za historia ya kazi ya Rufiji kuonekana kama historia ya wanaume na mashoka tu.

Shoka lenyewe, hata hivyo, linastahili nafasi yake. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na kwa karne nyingi miti hiyo ilikuwa bidhaa ya eneo zima la magharibi ya Bahari ya Hindi. Wakataji waliitambua kila aina kwa jina na kwa matumizi: mkoko na msinzi kwa nguzo za ujenzi, mkandaa kwa fito zilizonyooka, mkomafi na mchu kwa mataruma, yaani mbavu za chombo zinazohitaji mti uliopinda kwa asili, na msikundazi kwa milingoti. Miti iliyokatwa iligawanywa kwa unene, kuanzia fito zinazofungiwa kuta za udongo, kupitia pau na mazio, hadi boriti na nguzo, ikahesabiwa kwa korija, yaani fungu la miti ishirini. Mkataji aliingia kijitoni kwa mtumbwi maji yakijaa, akakata yakiwa yametoka, akapakia na kutoka na maji yaliyofuata. Alilipwa kwa korija. Aliyekata korija mbili alilipwa za mbili, na aliyebaki nyumbani siku ya maziko au ya kuvuna mpunga hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Si ajabu kwamba watu waliozoea malipo ya namna hii waliuona mshahara wa mwezi kuwa mkataba wenye masharti mengi kuliko fedha.

Wanunuzi walikuja na pepo. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Hadramaut yaliteremka na kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi, yakiwa yamebeba boriti za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Athari ya biashara hii bado inaonekana Lamu na katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3, kwa kuwa boriti inayobeba dari la mawe na chokaa haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Inaweza kusemwa bila kutia chumvi kwamba urefu wa mti wa Rufiji ndio uliochora ramani ya sebule za matajiri wa pwani. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliingia delta akiwa katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokwenda kupakia miti Salale. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, kinaionyesha delta kuwa mahali pa joto, tope na mbu, na hakuna sababu ya kumbishia. Wanaoandika juu ya kazi za nje kwa mapenzi ya mbali husahau mbu.

Upande wa bara, katika nchi ya misitu inayopanda kutoka bondeni, ambamo leo zimo kata kama Mbwara na Ngarambe za Wilaya ya Rufiji, kazi ilikuwa ya aina nyingine lakini ya mpango uleule. Katika karne ya 19 watu wa nyuma ya pwani walichimba sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda na kuzikwa ardhini kwa muda mrefu, uliotumika kutengenezea vanishi huko Ulaya na Marekani, na baadaye wakagema mpira wa mitambaazi ya msituni. Zote mbili zilikuwa kazi za msimu, zilizofanywa kati ya palizi na mavuno, kwa kiasi ambacho kaya ilikihitaji ili kupata nguo, chumvi au baruti. Wafanyabiashara waliotaka mzigo zaidi walilalamika kwamba wachimbaji huacha kuchimba wanapopata cha kuwatosha. Lalamiko hilo, likisomwa vizuri, ni ushahidi kwamba wachimbaji walijua kiasi chao.

Utawala wa Kijerumani ulikuja kuuvunja mpango huu, na ulianza na kodi. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata, ilikusudiwa waziwazi kuwasukuma watu katika kazi ya ujira. Mwaka 1898 mikoko ya delta iliwekwa chini ya usimamizi wa misitu wa serikali, na Salale ikawa kituo cha maafisa waliosimamia ukataji wa miti na uchunaji wa magome, ambayo yalisafirishwa kwa ajili ya viwanda vya kutengenezea ngozi. Kwa mara ya kwanza mtu wa delta alihitaji kibali ili kukata mti ambao babu yake aliukata kwa kufuata mwezi. Kisha, kuanzia mwaka 1902, yakaja mashamba ya pamba ya pamoja, ambapo kila jumbe alitakiwa kutoa watu wa kulima kwa siku maalumu chini ya usimamizi wa akida, yaani ofisa wa kati aliyeteuliwa na serikali, na malipo yakawa madogo kiasi kwamba baadhi ya wakulima walikataa kuyapokea. Siku zilizochukuliwa zilikuwa zilezile za kupanda na kuvuna chakula. Mwezi Julai 1905 wakulima wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza; Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro, makao ya serikali katika eneo hilo, tarehe 4 Agosti 1905. Vita hivyo vina sababu nyingi, na haitakuwa haki kuvifanya kuwa ugomvi wa ratiba. Hata hivyo ni muhimu kwamba vilianza kwa kung'oa zao lililolimwa juani, na wenye mikono iliyozoea jua.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jambo hilo kwa ukatili zaidi. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mito ya delta kuanzia mwaka 1914 mpaka ilipoangamizwa Julai 1915, na katika miaka iliyofuata watu wa kusini walikamatwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili. Upagazi ni kazi ya nje kuliko zote, na hakuna aliyeonekana kuipenda.

Ofisi, kwa upande wake, iliingia Rufiji ikiwa na sura ya Mohoro, na baadaye ya Utete, makao ya wilaya yaliyoifuata: mahali pa kulipia kodi, kusikilizia kesi, kuombea kibali na kupokelea amri. Karani alikuwa mtu wa kuandika majina ya wasiolipa. Ni kweli kwamba wapo wenyeji wa pwani walioingia katika kazi hiyo, maana Wajerumani waliwategemea sana Waislamu wa pwani kuwa maakida na makarani, na shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikusudiwa kuwatoa watu wa aina hiyo. Lakini mlango huo ulikuwa mwembamba, na ulibadilishiwa kufuli. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu kwa karne nyingi, wakifunga mikataba ya mikoko na ya mashamba kwa kalamu ya mwanzi. Utawala ulipohamia herufi za Kirumi, na elimu ya kisasa ikawa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, kijana wa delta aliyehitimu chuo, yaani shule ya Kurani, akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Wanaosema kwamba Warufiji waliikataa ofisi wanapaswa kuikumbuka sehemu hii, maana upendeleo wa kazi za nje ulikuwa kwa kiasi fulani upendeleo wa mtu aliyefungiwa mlango mwingine. Katika mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya kilimo na ufundi wa mikono kwa Waafrika, pendekezo ambalo wazazi wengi walilitazama kwa mashaka: kilimo walikijua, na kalamu ndiyo waliyoinyimwa.

Waliohamia Dar es Salaam waliuchukua mpango wao wa kazi kwenda nao. Uchunguzi wa J.A.K. Leslie, uliofanywa katika miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1963, uliwataja Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya mji huo, wengi wao wakiwa na mashamba nyumbani ambayo hawakuyaacha. Katika mashamba ya mkonge ya mikoa mingine mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ambayo aliweza kuijaza kwa muda mrefu zaidi ya mwezi mmoja, na bandarini watu wa pwani walipendelea kazi ya kibarua, ya kulipwa kwa siku, kuliko kuandikwa wa kudumu. Waajiri na maafisa waliuona ukibarua kuwa ugonjwa wa kutibiwa. Lakini vibarua hao hao, ambao walidaiwa kutokuwa na moyo wa kazi, walijipanga na kugoma mwaka 1939, na bandari iligoma tena mwaka 1943 na mwaka 1947. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mojawapo, nayo ni kwamba mtu mwenye shamba la kurudia haogopi kufukuzwa kama asiye nalo.

Uhuru uliigeuza hoja bila kuigeuza hali. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, Julius Nyerere alishutumu shule zinazomfanya kijana adharau jembe na kulitamani dawati, na kwa nadharia watu wa Rufiji walipaswa kuwa mfano wa taifa. Badala yake mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalifuatiwa na operesheni ya kuwahamisha wakazi wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vya mwinuko, mbali na udongo wa mlao na mbali na madungu yao, ilhali watu wa delta kwa sehemu kubwa walibaki katika visiwa vyao. Serikali iliyosifu kazi ya mikono iliwatoa wakulima mahali ambapo mikono yao ilikuwa na ujuzi, ikafanya hivyo kwa nia njema, kwa ajili ya shule, zahanati na visima, ambavyo kweli vilihitajika. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata mijini watu wasio na ajira rasmi na kuwarudisha mashambani, kana kwamba mchuuzi na mbeba mizigo hawafanyi kazi. Katika miaka hiyohiyo mshahara wa serikali ulishuka thamani kiasi kwamba makarani wa Dar es Salaam waliishi kwa kufuga kuku na kulima pembezoni mwa mji, na ofisi ikabaki kuwa mahali pa kusaini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulikuja mwaka 1997, wakati kampuni ya African Fishing Company ilipopendekeza kuchimba mabwawa ya kufugia kamba katika eneo la takriban hekta 10,000 za delta, ikiahidi ajira kwa maelfu ya wenyeji. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri mradi ukataliwe, baraza la mawaziri likauidhinisha, na wakazi wakagawanyika, ingawa sehemu kubwa ya vijiji vya delta iliupinga hadi mahakamani. Mradi haukutekelezwa. Katika mjadala wa wakati ule ahadi ya ajira ilichukuliwa na watetezi wa mradi kuwa hoja isiyojibika, kwa kuwa mtu asiye na mshahara alidhaniwa kuwa hana cha kupoteza. Wapinzani walikuwa wakivua kamba haohao kwa nyavu zao, wakiuza kwa bei ya siku, na walielewa vizuri tofauti kati ya kuvua kamba wa mto na kulinda kamba wa bwawa la mwingine. Wapo vijana walioitaka ajira hiyo, na haifai kuwanyamazisha, maana kukosa barabara, maji ya bomba na hospitali ni sehemu ya maisha ya delta ambayo uhuru wa kujipangia siku hauifuti.

Uhuru wenyewe ulikuwa umeshapunguzwa. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko kwa biashara, na mpango wa usimamizi uliotolewa mwaka 1991 ukairudisha kazi hiyo katika maeneo maalumu, kwa leseni. Kwa kuwa leseni hulipiwa kabla ya mti kukatwa, mwenye mtaji wa mjini huipata kwa urahisi kuliko mkataji, ambaye hugeuka kibarua katika koko alilozaliwa. Mwaka 2011 wakulima wa mpunga wa delta walikabiliwa na operesheni ya kuwaondoa katika hifadhi ya mikoko, ingawa wengine walikuwa wamefuata tu maji baridi ya mto, ambayo tangu mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalihamia kwa wingi katika mikono ya kaskazini ya delta. Na juu ya mto, katika bwawa la umeme la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, maji yalianza kujazwa Desemba 2022, hivi kwamba kiasi kinachoteremka bondeni sasa hutegemea pia ratiba ya mitambo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, kulizuka ubishi iwapo maji yaliyofunguliwa yaliongeza madhara, au kama serikali ilivyoeleza, bwawa liliyapunguza. Mwaka 1968 ubishi kama huo usingekuwa na maana, kwa sababu mafuriko ya mwaka ule hayakuwa na afisa wa kuulizwa.